Pua Imemkataa Mume

Harufu ya Aminieli ilifika kabla ya Aminieli mwenyewe.

Ilipanda na njia ya mfereji, ikaruka ua wa masale, ikapenya migombani, ikamkuta Hajira amekaa kwenye kigoda nje ya jiko anamenya ndizi. Moshi wa kuni mbichi, mafuta ya taa, soksi zilizolowa zikakaukia mguuni, na jasho la mwanamume aliyepandisha wageni mlimani akashuka nao salama. Kisu kikamponyoka. Mate yakamjaa mdomoni, mepesi, machungu kama vile amelamba gome la msesewe, lile ambalo mama mkwe wake hutia kwenye mbege, pombe ya ndizi. Akaziba pua kwa upindo wa kanga.

Na hii ndiyo harufu aliyoipenda kabla hajampenda mwenye nayo. Baba yake, Mzee Shakiru, ni fundi wa mabegi na maturubai pale Njoro mjini, na siku Aminieli alipoleta begi lililochanika, Hajira ndiye aliyelipokea. Akainama kutafuta pa kushona, akavuta pumzi, akabaki na uso humohumo ndani kuliko inavyomlazimu fundi.

"Dada, umepotelea humo?" Aminieli alimuuliza.

"Natafuta tundu."

Tundu lilikuwa nje.

Mapenzi yakaanza hivyo, kwa pua. Mzee Shakiru akasema binti yake hatapelekwa kulala kwa watu wanaofuga nguruwe. Elinipendo, mama yake Aminieli, akasema mwanawe hataoa mke asiyejua hata kuonja mbege. Wazee wawili ambao hawajawahi kuonana, wakapatana kuliko maharusi. Vijana wakaenda zao bomani, wakaoana, kila mtu na dini yake, wakahamia huko juu Kirua Vunjo kwenye kihamba, shamba la ukoo aliloacha marehemu baba yake Aminieli. Mama mkwe mlango wa pili.

Tangu hapo mwaka ulikatika na wa pili ukaingia, na tumbo la Hajira likawa mali ya kijiji. Akienda sokoni anaulizwa, "Bado tu hujameza mbegu ya tikiti?" Akirudi anaulizwa tena na waliosahau kuuliza alipokuwa anakwenda. Usiku Aminieli akiwa mlimani, Hajira alilala amekumbatia sweta lake la sufu, lisilofuliwa makusudi.

Sasa sweta la pili lilikuwa linakuja, na mwenyewe ndani.

"Mtoto wa mjini," Aminieli akaita kutoka langoni, mikono imefunguka. "Mume karudi, au nipite nyumba ya pili?"

Hajira alisimama. Akapiga hatua nyuma, akageuka, akaishia kwenye shina la mgomba na kutapika nyongo tupu.

Aminieli akacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua kama ametaniwa au ametukanwa.

"Nimenuka kiasi hicho?"

"Usinisogelee. Nakuomba."

"Ni begi. Ngoja nilitupe kule."

"Si begi."

"Basi ni sweta."

"Si sweta, Aminieli. Ni wewe."

Akaoga. Maji ya moto, sabuni ya mche, akajisugua mpaka ngozi ikalalamika. Akavaa shati la kanisani. Akatoka ananukia kama anakwenda kuposa, na ikawa mbaya zaidi, maana sasa alinuka Aminieli na sabuni juu yake.

"Simama pale, chini ya mparachichi," Hajira akamwelekeza, kanga ingali puani. "Nyuma kidogo. Hapo hapo. Upepo unatoka kwangu kwenda kwako. Sasa nikwambie."

"Niambie. Umenichoka?"

"Mwezi umenipita."

"Mwezi gani?"

"Wangu, mjinga wewe."

Kuku walipita katikati yao.

"Matiti yananiuma hata kanga ikigusa tu," Hajira akaendelea, na sauti ikaanza kutetemeka kwa kicheko na kilio pamoja. "Usingizi unanichukua nimesimama. Mama akikoroga mbege, mimi dunia ndiyo inayokorogeka. Na jana, usimwambie mtu, nimelamba udongo wa ukuta wa banda. Nimeuona mtamu. Nikalamba tena."

"Yaani hauko peke yako."

"Siko peke yangu."

Aminieli akapiga mbio kuja kumkumbatia, akakumbuka, akafunga breki katikati ya uwanja. Wakabaki wanaangaliana hivyo, yeye amenyoosha mikono mitupu, Hajira amejiziba pua na machozi yanamtoka, wakicheka kama wachumba walioachanishwa na mto uliofurika. Hajira alikuja kuikumbuka sana dakika ile. Ilikuwa fupi.

"Mae," Aminieli akaita, kama wanavyomwita mama kule. "Mae, njoo usikie."

Elinipendo alikuwa ameshasikia. Alikuwa mwanamke wa magoti mabovu na masikio mapya. Alitoka jikoni anafuta mikono, akamsogeza Hajira kwenye mwanga, akamwinua kidevu kwa kidole kimoja, akatazama kishimo cha shingo. Pale chini ya koo palikuwa panadunda, tu, tu, tu, kama kifaranga ndani ya yai.

"Kweli," akasema. "Amenasa."

"Mungu mkubwa," Aminieli akasema.

"Ni mkubwa." Elinipendo alikiachia kidevu. "Sasa mbona anakutapika?"

"Si ndiyo hali yenyewe, mama?" Hajira akasema. "Kwetu wanasema mimba nyingine humkataa mume. Mama yangu aliniambia, yangu mimi ilimchukia baba mpaka akawa anakula barazani."

"Kwenu." Neno likakaa hapo peke yake. "Mimi nilipombeba huyu, baba yake akienda shamba nilikuwa nalala na koti lake. Nikilinusa, moyo unatulia. Mimba ina akili, Aminieli. Inamjua mwenyewe. Inamkimbia mgeni."

"Mae, maneno gani hayo?"

"Nimesema nini? Nimesema nililala na koti." Akageuka kurudi jikoni, akasimama. "Ulipokuwa mlimani, mkeo alikuwa anapitia pale barabarani kwa Praygod, yule wa kuziba pancha. Sisi hatuna baiskeli. Nikajiuliza tu, anazibiwa nini."

Aminieli alimtazama Hajira. Hajira akangoja acheke. Praygod alikuwa kijana mweusi kwa grisi kuanzia kucha mpaka kope, na kila mtu alijua amemwoa tairi.

Aminieli hakucheka.

"Liko jambo dogo," Elinipendo akasema kwa upole, na upole wake ndio uliokuwa wa kuogopwa. "Watu wa nyumba hii wanalijua. Mtoto wetu hatemi chakula cha baba yake. Nina mtori jikoni, mke wako mwenyewe ndiye aliyezimenya ndizi. Mlishe kwa mkono wako. Ukikaa, ni wetu, na mimi nitamwangukia miguuni hapa mbele yako."

"Desturi hiyo sijawahi kuisikia, mama," Hajira akasema.

"Wewe umesikia ipi ya kwetu?"

"Aminieli."

Aliita jina tu. Alitaka amwambie mama yake apeleke mtori wake kwa wagonjwa. Alitaka amtanie kama siku ile ya begi. Aminieli alikuwa anakwangua udongo kwa ncha ya kiatu.

"Kula tu kidogo, Hajira," akasema. "Tuyamalize."

Likaletwa bakuli. Mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ambayo juu huko hupewa mwanamke aliyejifungua ili arudishe damu. Hajira alikuwa ameuota siku nyingi: yeye kitandani, mtoto ubavuni, na mlango unafunguliwa kwa heshima. Sasa ulikuja kabla ya mtoto, na uliokuja nao haukuwa heshima.

Aminieli akaketi mbele yake. Akachota, akapuliza, akanyanyua kijiko. Hajira akamtafuta machoni, asimpate, kwa sababu macho ya Aminieli yalikuwa kooni kwake. Alikuwa anachungulia kama kitapita.

Akameza. Kwa mapenzi, mtu humeza mengi. Ukashuka moto, mzito, ukatua. Akashika ukingo wa kigoda kwa vidole vyote, akapumulia mdomoni. Kijiko cha pili kikaja, nacho akakizika. Jasho jembamba likamtoka juu ya mdomo. Umekaa, akawaza. Umekaa, mwanangu, tulia, huyu ni baba yako, tulia kidogo tu.

Aminieli akainama kumtazama kwa karibu, shati wazi shingoni, na harufu yake yote ikamwagika usoni mwa Hajira.

Mtori ukarudi. Ukaishia kwenye viatu vya Aminieli.

Elinipendo alichukua bakuli, akalifunika kwa sahani. Aliyeshinda haongezi chumvi.

"Kwa Praygod ulifuata nini?" Aminieli akauliza.

"Harufu."

"Harufu."

"Ya mpira ukiungua. Na ile gundi ya pancha. Nikiinusa tumbo linatulia. Nasimama ng'ambo ya barabara, navuta, naondoka. Muulize kama nimewahi hata kumsalimia."

"Kwa hiyo mimba yangu inanitapika mimi, inatulia kwa Praygod."

"Inatulia kwa tairi, Aminieli."

Siku nyingine wangegaagaa chini kwa kulicheka hilo. Hajira aliona kona ya mdomo wa Aminieli ikitaka kucheka, kisha akamtazama mama yake, ikajikunja.

"Nakuuliza kama mtu mzima," akasema. "Hiyo mimba niiite yangu?"

Kitu kilitulia ndani ya Hajira, na hakikuwa kichefuchefu. Alijifuta mdomo taratibu, akasimama.

"Nilidhani unanilisha," akasema. "Kumbe unanipima. Kama maziwa yanavyopimwa pale kituoni, kuona kama mwenye ng'ombe ametia maji. Nami nikameza. Nilikuwa nakusaidia kunipima."

"Hajira, mimi nimeuliza tu."

"Umeshajibiwa. Angalia viatu vyako."

Alifunga nguo zake kwenye kanga mbili. Sweta la sufu aliliacha kitandani, akaligusa kwa kidole kisha akakifuta kile kidole. Alipotoka alimwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama," kwa sababu alilelewa, na Elinipendo akaitikia marahaba kwa sababu na yeye alilelewa. Aminieli alikuwa amesimama chini ya mparachichi, palepale alipowekwa. Upepo ulitoka kwa Hajira kwenda kwake. Hakumfuata.

*

Njoro hawakumwuliza. Mzee Shakiru alisogeza cherehani kupisha godoro, akasema tu kwamba chumba kina joto, afungue dirisha. Maneno aliyokuwa ameyaweka tangu ndoa kwa ajili ya siku hiyo aliyameza, nayo kwake yakakaa. Bi Hadija, mama yake Hajira, alimtazama mwanawe mara moja alivyotema mate, akaenda kununua ndimu.

"Mume anajua?"

"Anajua."

"Na yuko wapi?"

"Anahesabu miezi kwa vidole, mama."

Bi Hadija akakata ndimu.

Hajira alitapika chai, akatapika maji, akatapika hata alipokumbuka chai. Alilala hovyo kama paka wa dukani. Wanawake wa mtaa walipita kumjulia hali na kila mmoja na jina lake: huyu kasema mimba ya kisirani, yule kasema mimba ya kuchagua, mwingine akasema ni ya kike, kwa sababu ya kike humnyang'anya mama uzuri. Jioni alikaa barazani akitazama upande wa mlima. Ukiwa umefunikwa na wingu alijisikia nafuu. Ukijifunua, mweupe, karibu, aliingia ndani.

Halafu asubuhi moja aliamka, akasikia harufu ya vitumbua kutoka kwa jirani, na badala ya tumbo kupanda, njaa ikamshika kooni. Alikula mpaka mama yake akaficha sahani. Pua ilikuwa imerudi nyumbani. Baada ya hapo tumbo likajitokeza, dogo, gumu, limechongoka. Na siku moja, akiwa anatia uzi kwenye sindano ya baba yake, kitu kikampapasa kwa ndani, kama samaki anayegeuka kwenye ndoo. Akatafuta wa kumwambia. Akamaliza kutia uzi.

Aminieli alikuja alasiri moja, amekonda, ameshika jani moja refu la isale.

Kule juu jani hilo la kuombea radhi halina mchezo. Ndugu wakigombania mpaka, mmoja akileta isale, mwingine hufunga mdomo na kupokea. Hajira aliishi mlimani muda wa kutosha kulijua. Bi Hadija hakulijua. Alimwona mkwe wake amesimama uani na jani mkononi, akafikiri ni la mbuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kiti kile pale." Akaingia ndani, akasimama nyuma ya pazia, ambako uungwana wa mama huishia.

Aminieli hakukaa. Alisimama mbali, karibu na kamba ya nguo, akalamba kidole, akakinyanyua kupima upepo unakotoka. Hajira aliona, na moyo ukamwuma, maana alifanya vile bila mzaha.

"Shangazi Eliona alikuja nyumbani," akasema. Eliona alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake, bibi wa Masama asiyeogopa mtu. "Akauliza mke wangu yuko wapi. Mae akamwambia habari za mtori. Shangazi alicheka mpaka akashikilia nguzo."

"Alicheka nini?"

"Akasema hakuna jambo kama hilo kwenye ukoo wetu. Na akasema..." Akalizungusha jani mkononi. "Mae alipokuwa na mimba yangu, alimfukuza baba kitandani. Baba alilala bandani na mbuzi mpaka nilipoanza kucheza tumboni. Kijiji kizima walijua, walikuwa wanamwita Mchungaji. Hakuna koti, Hajira. Koti alilibeba baba kujifunika huko bandani."

"Na mama akasemaje?"

"Alikuwa anachambua ulezi. Aliendelea kuchambua."

Hajira karibu acheke. Marehemu baba mkwe na koti lake, katikati ya mbuzi.

"Kwa hiyo umekuja."

"Nimekuja. Nimekosa. Nilikuwa mjinga, nimekuletea isale." Akalinyoosha jani kwa mikono miwili.

"Je, kama Shangazi Eliona asingepita nyumbani kwenu?"

"Hajira."

"Angepita nyumba nyingine siku ile. Au angekufa kabla ya kukusimulia. Ni mzee yule."

Aminieli akalitazama jani.

"Uliiamini pua yangu," Hajira akasema, pole pole, kama anahesabu nguo za kufua. "Ukauamini mtori. Ukamwamini mama, sasa umemwamini shangazi. Zamu yangu ilikuwa ifike lini?"

Nyuma ya pazia mtu alivuta pumzi.

"Kanacheza?" Aminieli aliuliza.

"Kanacheza."

"Upande gani?"

Hajira aliweka mkono ubavuni kushoto, bila kupenda, akautoa. Akaenda mpaka alipo Aminieli. Jani halikataliwi, na yeye hakutaka mtu aseme mtoto wa Shakiru hana adabu za alikoolewa. Akalipokea. Vidole vyao havikugusana. Upepo ukageuka.

Alijikaza kwa mazoea. Akafumba midomo, akashika tumbo, akangoja mate yajae.

Harufu ikaja. Moshi wa kuni, mafuta ya taa, sufu, jasho. Alikuwa amevaa lile sweta. Ikamwingia mpaka chini, na tumbo halikushtuka. Mdomo haukuwa mchungu. Ilikuwa tamu, tamu ileile ya ndani ya begi lililochanika, tamu ya kumfanya mtu adanganye kwamba anatafuta tundu. Ndani, kile kisamaki kikageuka mara moja, kikatulia.

Aminieli alimsoma usoni. Akaona hakurudi nyuma. Macho yake yakajaa, mikono ikaanza kufunguka kama siku ile ya langoni.

Hajira akanyanyua kiganja.

"Mimba imekusamehe, Aminieli," akasema. "Mimi bado."

Aminieli akashusha mikono. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mlima unapofunga kwa mawingu na wageni wanataka kuendelea. Akasema atarudi. Hajira hakusema arudi, hakusema asirudi. Mlango wa ua ukalia, ukafungwa.

Bi Hadija alitoka nyuma ya pazia na chetezo mkononi, makaa yameshakolea. Alimkuta mwanawe bado amesimama pale pale karibu na kamba ya nguo, jani la isale kifuani, amefumba macho, anavuta pumzi.

"Ua wote unanuka moshi," Bi Hadija akasema. "Nitie ubani, itoke?"

"Iache, mama," Hajira akasema. "Itatoka yenyewe."